Kwa Perpetua, Juu ya Maji Niliyoyamwaga

Perpetua mwanangu,

Salamu siandiki. Uko chumba cha pili, nakusikia unavyogeukageuka kitandani, na asubuhi utaniamkia kwa mdomo wako mwenyewe. Habari za nyumbani unazijua kuliko mimi. Na usitegemee nikuandikie mambo ya kuvaa sweta, kuchemsha maji ya kunywa na kujihadhari na wanaume wa kambi za ujenzi. Shangazi zako wamekujaza hayo wiki nzima, mpaka ukawa unaitikia kabla hawajamaliza kusema.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako. Leo mchana tulipokuwa tunafunga sanduku, uliniuliza bila kuniangalia usoni: "Mama, hivi kweli lingepasuka?" Nikakujibu, lete kamba. Uliwahi kuniuliza hivyo hivyo ulipokuwa darasa la tano, siku uliyorudi kutoka shuleni unalia kwa sababu wenzako walikuimbia "mtoto wa Mwaga-maji." Siku ile nilikujibu, kanawe uso. Sasa unakwenda Kaniha, huko Biharamulo, kwenye lambo jipya, na kazi yako wewe ni kupima udongo wa tuta. Siwezi kukuacha uondoke na jibu la kamba na la kunawa uso.

Umesikia habari hii kwa watu, na watu wanasimulia kwa faida yao. Sikia yangu, nami nitasimulia kwa faida yangu, kwa nini nisimulie kwa hasara?

Mwaka ule wa kambi ya Benaco wewe ulikuwa bado mdogo, nadhani unakumbuka maboza ya maji na vumbi lake tu. Watu walivuka mpaka kutoka Rwanda na Burundi wakikimbia vita, wakiwa na magodoro vichwani na watoto migongoni, na kabla hatujamaliza kushangaa, vilima vilikuwa vimekuwa mji wa maturubai. Walihitaji kuni, na sisi tulihitaji kuni. Walihitaji maji, na sisi tulihitaji maji. Kwenye chemchemi yetu ikawa foleni, wenyeji na wageni, na hata wajawazito hawakupishwa. Ndipo shirika moja likaja kijijini kusema litatujengea lambo. Bonde letu lizibwe kwa tuta la udongo, mvua ijaze nyuma yake, sisi tuchote na maboza yapeleke kambini. Tulipiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote, maana mgongo uliokuwa unabeba madumu ni huu huu.

Injinia alikuwa kijana wa Kisukuma, mwembamba, mwenye hasira za karibu kama mimi. Alituajiri kubeba udongo na kuushindilia. Alikuwa anachota udongo kiganjani, anaufinya kama tonge la ugali, kisha anauviringisha. Ukikatika anasema ni mkavu, unyunyizieni maji. Ukimganda vidoleni anasema umelowa mno, uacheni kwanza. Tabaka moja likishaiva kwa kushindiliwa ndipo la pili linamwagwa. Siku moja nilimbishia mbele za watu kwamba tabaka la jana lilikuwa bovu. Akalichimba kwa jembe, tukatazama wote, lilikuwa zima kabisa. Nikaona aibu. Lakini jioni akaniita akasema, "Mama Perpetua, tuta likiisha, mlinzi wake utakuwa wewe. Mimi nataka mtu mbishi."

Kazi yenyewe ilikuwa kutazama. Kila asubuhi nitembee juu ya tuta, halafu chini yake kwa upande mkavu, nikitazama ardhi. Aliniambia hakuna tuta lisilotoka jasho, maji kidogo lazima yapenye. Yakitoka meupe, niyaangalie tu na kumpa habari. Yakitoka na rangi, nijue hayatoki peke yake, yanatoka na tuta lenyewe kutoka ndani, na hapo hakuna kusubiri mtu.

Sasa nikwambie kuhusu kichuguu, maana ndicho chanzo.

Pale tuta lilipotakiwa kupita palikuwa na kichuguu cha babu yako, baba mkwe wangu. Umekula kumbikumbi wa kichuguu kile, unajua walivyonona. Na unajua kwetu kichuguu kina mwenyewe kama shamba la migomba. Babu yako alirithi kwa baba yake, na msimu ukifika alikuwa anakizungushia majani, anawasha moto, ukoo mzima unakula. Injinia akasema kichuguu kichimbwe chote mpaka kwa malkia, kila njia ya mchwa ifuatwe mpaka mwisho wake, kisha shimo lijazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa. Babu yako akakataa. Kikatwe kichwa, alisema, lakini malkia aachwe, atatafuta njia yake pembeni ya tuta na kumbikumbi wataendelea kutoka. Akanituma mimi nikamwombee kwa Injinia.

Nilijua? Nilijua bwana! Injinia alikuwa amenieleza kwamba njia za mchwa ni mabomba yaliyokwisha tandazwa, yanasubiri maji tu. Lakini mimi ni mkamwana wa nyumba ile. Mkamwana wa kwetu hamtaji baba mkwe wake jina, wala hakalii kiti chake, sembuse kumwambia hapana. Nikaenda nikapiga magoti, nikaomba, tena nikaomba vizuri. Mwenyekiti wa kijiji naye akasukuma upande wake, eti mvua ziko mlangoni, tusipoteze wiki kwa ajili ya mchwa. Injinia akachoka, akakubali. Malkia akabaki chini ya tuta. Mimi, Injinia na mwenyekiti, watu wazima watatu, tulijua kwamba si sawa, na wote watatu tuliogopana.

Mvua za vuli zikajaza lambo nusu. Kikaja kile kiangazi kifupi cha Januari, kila mahali pakakauka, isipokuwa sehemu moja chini ya tuta palipobaki kijani. Nikapanda kabichi. Mwanangu, kabichi zile! Sikuzimwagilia hata kopo moja, na zilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mwenyekiti. Tukala, tukauza sokoni Benaco, padri akapelekewa yake. Nikasimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa sauti, mimi mlinzi mzima, kwa maji yaliyokuwa yanatoboa tuta langu! Kila asubuhi nilipita pale nikitazama kabichi, sitazami ardhi. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Lile la kichuguu nilisukumwa, lakini hili nililipenda mwenyewe. Huko uendako, mahali pakinawiri na hujui nani anamwagilia, usiimbe zaburi kwanza. Inama, shika udongo.

Masika ikaja na nguvu. Unajua sasa kuliko mimi kwamba kila lambo huwekewa njia ya pembeni, ili likijaa, maji ya ziada yapite huko na yasipande juu ya tuta. Mwenyekiti akasikia kuna mgeni mkubwa anakuja kuzindua lambo, akataka mgeni alikute limejaa pomoni. Akaamuru njia ile izibwe kwa viroba vya mchanga. Injinia alikuwa amekwenda Mwanza kufuata mabomba. Nikabisha. Nikaambiwa wewe ni mlinzi, lambo si la mama yako. Viroba vikapangwa, maji yakapanda mpaka mahali ambapo hayakuwahi kufika, na kila mtu akasema jinsi yanavyopendeza.

Jumapili ya Pentekoste tulipotoka misa nilipita kuchuma kabichi ya mchana. Nikakuta mbili zimelala ubavu, na katikati yake maji yanatokota taratibu kama uji. Hayakuwa mengi, ndoo ingeyakinga. Lakini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikatia kidole, nikasugua. Ulikuwa udongo wetu, ule ule tulioubeba vichwani. Nikapiga yowe.

Watu wakaja mbio na nguo zao za kanisani. Wa kwanza kushuka alikuwa babu yako, na tayari alikuwa na bonge la mfinyanzi mikononi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta!" anapaza sauti, na wote wanaitikia, wanaleta mfinyanzi. Ni methali nzuri, mwanangu, kwa nyumba. Kwa tuta la lambo ni methali ya kuua watu. Maji yakizibwa pale yanapotokea hayarudi nyuma, yanatafuta pengine humo humo tumboni mwa tuta, na pale yatakapotokea hutapaona mpaka umechelewa. Injinia alikuwa amenifundisha kwa kuniuliza: "Mnapokamua ndizi za pombe, yale majani mnaweka ya nini?" Majani yanashika makapi, maji ya ndizi yanapita. Basi ni hivyo hivyo. Weka mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yaache yaende, udongo ndio uushike.

Nikamwambia babu yako, "Baba, usizibe." Hakusikia. Nikamwambia tena. Amepiga magoti kwenye shimo, mikono imezama hadi viwiko, anashindilia mfinyanzi, na maji yameanza kuchimbua pembeni ya goti lake.

Ndipo nikamwita jina.

"Bukuru! Toka hapo!"

Loo! Mama mmoja alishika mdomo kwa mikono miwili. Babu yako akainuka polepole, akanitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, akatoka shimoni. Hakutoka kwa kunitii, alitoka kwa mshituko. Kwangu mimi ilitosha. Nikang'oa ule mfinyanzi, nikaita mchanga, nikaita kokoto, nikang'oa na kabichi zangu zote nikazitupa kando.

Kisha nikapanda kwenye vile viroba, nikaanza kuvivuta. Mwenyekiti akanikimbilia. "Umerukwa na akili? Mgeni anakuja Alhamisi!" Nikamwambia tuta linakula udongo wake, maji lazima yashuke sasa hivi. Akatazama bondeni, kule darajani ambako kisoko kilikuwa kimeota chini ya lambo, akasema maneno ambayo sijamsamehe: "Kwani huko chini kuna nani? Wakimbizi tu na vibanda vyao. Tutatuma mtu awaambie wasogee."

"Na wasiposogea? Na mtoto aliyetumwa chumvi je? Na dada yako anayeuza pombe pale darajani, naye ni mkimbizi?"

Nikaendelea kuvuta. Baba yako, unavyomjua, asiyependa ugomvi hata na mbuzi, akavua koti lake la misa, akalitundika kwenye mti, akashika kiroba upande wa pili. Sikuwahi kumpenda kama saa ile. Wanawake niliobeba nao udongo wakafuata mmoja mmoja. Maji yakaanza kupita pembeni kwa kishindo.

Nikafungua na koki ya bomba la kutolea maji chini ya tuta, ile inayozungushwa kwa usukani wa chuma. Jioni maji yalipokuwa yameshuka kiasi cha kiuno, mwenyekiti akasema basi, inatosha, funga, tubakize ya mgeni. Nikatazama kule chini. Rangi ilikuwa imepungua, lakini haijaisha. Nikauchomoa ule usukani, nikaufunga mgongoni kwa kanga kama nimebeba mtoto, nikamwambia, "Ukitaka kufunga, nivue kanga kwanza." Nani angemvua mke wa mtu kanga mbele ya kijiji? Nikatembea nao mgongoni mpaka Injinia aliporudi. Unaukumbuka, wewe ulikuwa unalia kwamba nimebeba chuma badala ya mdogo wako.

Injinia aliporudi, lambo lilikuwa tope na vyura.

Yaliyofuata ni ya aibu kwao, si kwangu. Mgeni hakuja. Maboza yakaenda kuchota kwingine. Kiangazi chote tukarudi kufuata maji mbali na madumu migongoni, nami nikiwa nao, na huko njiani wakawa wananiimbia, "Maji yakimwagika hayazoleki, Mwaga-maji ee." Wanawake wale wale waliovuta viroba pamoja nami! Nilikuwa nawaitikia kiitikio, kwa sauti, mpaka wao wenyewe wakachoka. Usimpe mtu raha ya kukuona umeinamisha kichwa, mwanangu. Dumu likiwa zito, itikia wimbo mpaka anayekuimbia aishiwe pumzi.

Injinia alilifungua tuta pale, akachimba mpaka kwa malkia. Alikuta mapango ambayo mkono mzima unaingia. Nikasema, sasa wataona. Wakaja, wakachungulia, wakasema, "Ah, kwani kuna kichuguu kisicho na mashimo?" Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akamsimamisha Injinia, akamwuliza hadharani: "Sema ukweli. Tusingemwaga maji, lambo lingepasuka?"

Nilimtazama yule kijana. Neno moja tu kutoka kwake, nami ningerudi nyumbani nikiwa malkia. Akasema, "Sijui. Huenda lingekaa mwaka mzima. Huenda lisingefika jioni. Hakuna mtu anayejua." Watu wakacheka. Nilitamani kumpiga kwa kiti. Leo namheshimu kwa neno lile kuliko kwa tuta lenyewe, maana uongo ulikuwa mdomoni mwake, mtamu, na ungemsaidia hata yeye.

Akalijenga upya pale, safari hii bila kuombwa na mkamwana yeyote. Mvua zikalijaza. Limesimama mpaka leo, hawa wakimbizi wa Burundi waliobaki wanachota pamoja nasi. Na unajua wanavyosema? "Mnaona lilivyo imara? Yule mama alitumwagia maji bure."

Bado lilibaki la babu yako. Miezi hakunisemesha. Ndugu wakaniambia mila inadai nipeleke mtungi wa pombe, nimwombe radhi kwa kumtaja jina. Nikakamua ndizi mwenyewe, nikatia mtama, nikapeleka, nikapiga magoti mbele ya wazee wenzake. Lakini kabla hajashika mrija nikasema, "Shikamoo baba. Pombe hii ni ya jina. Ya maji sijaleta, na sitaleta." Wazee wakaguna. Baba yako akatazama dari. Babu yako akavuta mrija, akavuta tena kwa muda mrefu, akafuta mdomo. "Marahaba," akasema. "Imechujwa vizuri." Hatukulizungumza tena mpaka tulipomzika.

Sasa swali lako, mwanangu. Lingepasuka?

Sijui. Ndiyo hivyo, miaka yote hii ulidhani nakuficha jibu kubwa, kumbe sina. Nimelala na swali hilo masiku mengi, wakati mwingine nikawaza kwamba wana haki, kwamba nilikausha kijiji kizima kwa ajili ya maji ya ndoo moja. Halafu nakumbuka ile rangi kidoleni mwangu. Ningesimama pale leo, bila kujua lolote zaidi ya nililojua siku ile, ningevuta viroba vile vile. Ningemwita jina hata marehemu.

Wewe huko Kaniha watakuuliza kila siku kama tuta litabomoka. Watakuuliza wakiwa na haraka, mvua ziko mlangoni, mgeni yuko njiani, na udongo ulioushika mkononi umelowa. Ukisema sijui, watafurahi, watasema basi tuendelee. Usikubali wakuulize swali moja tu. Waulize na wewe: likibomoka, nani yuko chini? Na uende mwenyewe ukawaone, uwajue majina. Ukiwajua majina, mdomo wako utapata nguvu, niamini mimi. Na utakuwa na wakubwa huko, wengine utawapigia magoti kwa adabu, ni sawa, nimekulea hivyo. Piga magoti, salimia, kisha sema hapana.

Watakuchukia. Nakwambia mapema ili usije ukaniandikia barua ya machozi. Lambo likipasuka, kila mtu analiona. Lisipopasuka kwa sababu yako, hakuna wa kukupigia kigelegele, utaonekana mgomvi tu. Potelea mbali. Mimi nimekula ubwabwa wa jina hilo miaka kumi na mitatu, na tazama nilivyonenepa.

Kesho asubuhi gari litapita chini ya lambo, pale darajani. Kisoko kitakuwa kimeshafunguliwa. Dada yake mwenyekiti atakuwa anapanga chupa zake, siku hizi na wajukuu wanamsaidia. Kuna yule mshona viatu, na wale vijana wa baiskeli ambao mwaka ule walikuwa wanatambaa kwenye vumbi. Nitakuwa nimekusindikiza hapo, na wataniona, na haki ya Mungu mmoja atapaza sauti kama kawaida yao: "Mwaga-maji! Unamsindikiza binti?"

Usione aibu. Usigeuke kwa hasira. Watazame wote, mmoja mmoja, wanavyocheka, na watoto wao wanavyocheka. Wapo. Wote wapo, wana pumzi ya kunitukana.

Hilo ndilo jibu nililo nalo. Lichukue, liende nawe Kaniha.

Ni mimi mama yako,
Mwaga-maji